Kompyuta Ndogo ya Chama na Mzigo wa Mfumo Mpya

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenyeviti, makatibu na watunza hazina wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho, kabla ya kufunguliwa kwa msimu)



Katika msimu ulioanza Oktoba 2019, chama kimoja cha msingi kilikuwa kimekwisha kupeleka korosho zake ghala kuu, mnada umekwisha kufanyika, na fedha za wakulima zilikuwa zikingojea jambo moja tu, yaani orodha ya malipo. Orodha hiyo, kama kila katibu ajuavyo, ndiyo inayoonyesha jina la mkulima, kilo zake, makato yake na namba ya akaunti yake benki. Ilikuwa ndani ya kompyuta ya chama. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mapajani, ndogo na nyepesi, ambayo katibu aliweza kuitia mkobani na kwenda nayo juu ya pikipiki kutoka ghala moja hadi jingine pasipo kuchoka. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka orodha benki, kompyuta ilitoa tangazo kwamba toleo jipya la mfumo endeshi limekwisha kuwa tayari. Katibu aliona ni jambo la heri. Akabofya mahali pa kukubali, akaiacha mashine imechomekwa kwenye umeme, akaenda kulala.

Asubuhi alikuta kioo chenye maandishi kwamba mabadiliko yaliyofanywa yanaondolewa. Mashine ilikaa katika hali hiyo mpaka saa nne. Baadaye ilijizima, ikajiwasha, ikajizima tena, na haikufika mahali pa kuonyesha hata faili moja. Wakati huo wakulima walikuwa wamekwisha kujaa barazani. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa katika ushirika tangu ujana wake, aliingia ofisini akauliza kwa sauti ndogo, "Katibu, mwanangu, mashine imelala au imekufa?"

"Shikamoo, Mzee. Bado inajirudisha. Tungoje kidogo."

"Marahaba. Na orodha iko wapi?"

"Imo humo humo, Mzee."

Bodi ililazimika kuketi siku tisa na stakabadhi za mapokezi, jalada baada ya jalada, ikaandika orodha upya kwa mkono. Katika siku hizo tisa ada za shule zilikuwa zikidaiwa, na wakulima ambao bado walikuwa na korosho majumbani waliziuza kwa walanguzi wa kangomba kwa bei ya kutupa, kwa sababu mlanguzi huja na fedha mkononi. Minong'ono nayo ikaenea kwamba orodha imefichwa makusudi ili fedha zizungushwe. Ukaguzi uliofanywa baada ya msimu haukukuta hata senti moja iliyopotea. Hata hivyo katibu yule hakuongezewa mkataba. Na lililo la kusikitisha zaidi ni kwamba fundi mmoja kutoka mjini, alipoletewa mashine baada ya mwezi, aliiwasha kwa kutumia flashi yenye mfumo mwingine akaitoa orodha ikiwa nzima kabisa, haikukosa mstari.

Yafaa basi ieleweke jambo gani lilitokea usiku ule, maana katibu hakuwa mwizi wala mvivu, na mashine haikuwa mbovu.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoendesha kompyuta yenyewe kabla ya kazi nyingine yoyote kuanza. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopokea herufi kutoka kwenye vibonye, inayojua faili limewekwa wapi na mashine ya kuchapa imechomekwa wapi. Katika vyama vingi mfumo huo ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Nao haukai vile vile ulivyonunuliwa. Toka Windows 10 ilipotolewa tarehe 29 Julai 2015, matoleo makubwa yalikuwa yakifuatana, mara nyingi mawili kwa mwaka, na kila toleo lilikuwa kama mfumo mzima mpya, wala halikuwa kiraka kidogo tu.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtunza ghala yeyote anajua kwamba mzigo mpya hauwezi kuingia iwapo mzigo wa zamani haujatoka, ila ghala liwe na nafasi ya mizigo miwili kwa pamoja. Kupandisha toleo la Windows hufanyika kwa namna hiyo ya mizigo miwili. Kwanza kompyuta hupakua toleo jipya kutoka kwenye intaneti na kuliweka kando. Kisha hulifungua, jambo ambalo huongeza ukubwa wake. Kisha hujenga mfumo mpya, huku ule wa zamani ukihamishiwa katika folda iitwayo Windows.old na kutunzwa humo kwa siku 10, ili mwenye mashine akijuta aweze kurudi alikotoka. Kwa kitambo fulani, basi, ndani ya kompyuta moja kuna mifumo miwili pamoja na vifurushi vilivyoileta. Kompyuta yenye ghala kubwa haioni taabu. Kompyuta ndogo husongwa, na ikisongwa katikati ya kazi hurudi nyuma, au hushindwa hata kurudi.

Kompyuta ya chama kile ilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 32. Watu wa mizani watafurahi kujua kwamba hata hizo 32 hazikuwa 32. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Gunia ni lile lile, jiwe la kupimia ndilo lililobadilika, na mnunuzi akifungua mashine yake husoma 29 na kidogo. Humo humo hutengwa sehemu ya kuifufulia mashine ikiugua. Windows yenyewe ikikaa, na programu ya kuandikia, na ile ya hesabu, zinabaki gigabaiti chache za kugombaniwa na picha za mkutano mkuu, video zilizotumwa kwa simu na, katika kompyuta moja ya chama, harusi nzima ya jirani tangu kesha mpaka kuaga.

Mashine za namna hii hazikutengenezwa kwa hila. Mwaka 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta isiyofika kilo moja, yenye hifadhi ya gigabaiti 4 tu, nayo ilitoka kiwandani na mfumo wa Linux uliotosha ndani ya nafasi hiyo. Ilipendwa mno, na viwanda vingine vikafuata. Mwishoni mwa 2014 HP ilileta Stream 11 kwa dola 200 hivi, ikiwa na Windows 8.1, kumbukumbu ya gigabaiti 2 na hifadhi ya gigabaiti 32. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu ghala lilikuwa dogo, na siku ile ya kununua mfumo ulitosha. Kilichofuata ni kwamba mfumo uliendelea kunenepa, lakini ghala halikupanuka, wala halikuweza kupanuliwa. Katika kompyuta nyingi za aina hii hifadhi si diski inayochomolewa na kubadilishwa, bali ni kidude kilicholehemiwa juu ya ubao mkuu. Kumbukumbu nayo aghalabu ni vivyo hivyo. Fundi anayeahidi kuiongeza kwa bisibisi aulizwe kwanza kama amewahi kuifungua mashine ya namna hiyo.

Microsoft yenyewe ilikuja kukiri kwa njia ya vipimo. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, kiwango cha chini cha hifadhi kilitajwa kuwa gigabaiti 16 kwa mfumo wa biti 32 na gigabaiti 20 kwa mfumo wa biti 64. Katika toleo la Mei 2019 kiwango hicho kilipandishwa kwa mashine mpya kuwa gigabaiti 32 kwa mifumo yote miwili, na katika mashine zilizotoka na toleo hilo zilianza kutengwa gigabaiti 7 hivi kwa ajili ya masasisho. Kwa maneno mengine, mashine ya gigabaiti 32 ilikuwa imekwisha kusimama mlangoni kabisa, kisigino chake kikiwa nje. Na ilikuwa ni mwaka huo huo wa 2019 ambapo katibu yule alibofya.

Kuna kisa kingine ambacho kila Bodi yapasa ikijue kabla ya kuidhinisha ununuzi wa mashine ya rahisi. Kulikuwa na kompyuta ndogo zilizotumia prosesa za Intel Atom za ukoo ulioitwa Clover Trail, zilizouzwa na Windows 8. Mwaka 2015 wenye mashine hizo walipewa Windows 10 bila malipo kama watu wengine, wakaipokea. Mwaka 2017 lilipokuja toleo jipya, mashine zao zilionyesha tangazo kwamba Windows 10 haitegemezwi tena juu ya kompyuta hizo. Zilikuwa na umri wa miaka minne au mitano tu. Kampuni iliahidi kuendelea kuzipelekea marekebisho ya usalama hadi Januari 2023, lakini matoleo mapya hayakuzifikia. Mashine ilikuwa nzima, betri yake inakaa, kioo chake hakina ufa, ila viwanda vilivyotengeneza viungo vyake vya ndani havikuendelea kuviandikia programu. Hesabu ya uchakavu katika daftari la mali za chama haina budi kuzingatia jambo hilo, maana uhai wa kompyuta hauamuliwi na aliyeinunua peke yake.

Sasa yafikiwe yale yanayovihusu vyama hivi leo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, katika mwezi ule ule ambao korosho huanza kumiminika maghalani. Watu wengi walidhani mashine zitazimika siku hiyo. Hazikuzimika. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakiletwa bure kila mwezi. Ni sawa na ghala ambalo mlinzi wake amestaafu: mlango bado unafungwa, lakini tundu likitobolewa nyuma hakuna wa kuliziba. Kwa mtu anayechezea karata tu katika kompyuta yake, jambo hili si zito. Kwa chama kinachotunza majina na namba za akaunti za wakulima wote wa kata, ni zito sana. Zaidi ya hayo, mifumo ya benki na ya serikali huingiwa kupitia kivinjari, na vivinjari navyo huacha kuhudumia mifumo iliyozeeka. Chrome, kwa mfano, iliacha Windows 7 na Windows 8.1 mwanzoni mwa 2023, na waliokuwa nazo walibaki na kivinjari kisichopata marekebisho.

Je, mashine ndogo zipandishwe hadi Windows 11? Mfumo huo, uliotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, unataka hifadhi ya gigabaiti 64, kumbukumbu ya gigabaiti 4, kidude cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni, ambayo kwa upande wa Intel huanzia takriban kizazi cha nane. Kompyuta ya gigabaiti 32 inaanguka katika sharti la hifadhi, na nyingi za wakati ule zinaanguka katika yote. Tena kuna kikwazo kisichotajwa sana. Kompyuta kadhaa ndogo ziliuzwa na Windows ya biti 32, lakini Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Haiwezekani kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili huku faili na programu zikibaki mahali pake. Sharti mashine ifutwe na kuanza upya.

Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyostahili, na vijana wengi wa mjini wanazijua. Kijana akifanya hivyo katika mashine yake, na afanye. Katika mashine ya chama si halali hata kidogo, kwa sababu Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, na chama kitakuwa kimehama nyumba isiyo na mlinzi kwenda nyumba nyingine ambayo mlinzi wake huja akipenda.

Kampuni ilitoa pia njia ya kununua marekebisho ya usalama ya Windows 10 kwa muda wa ziada. Kwa mtu binafsi ilitangazwa kuwa mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa taasisi, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 61 kwa mashine moja katika mwaka wa kwanza, ikizidishwa mara mbili kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Mtunza hazina na apige hesabu: 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa mashine ambayo ilinunuliwa kwa dola 200. Mkaguzi atakayekuta malipo hayo katika vitabu atauliza swali, na swali hilo litakuwa la haki. Mwaka mmoja waweza kuvumilika, ikiwa Bodi imekwisha kutenga fedha za mashine nyingine na inangoja msimu upite.

Njia ya Linux nayo isidharauliwe. Mifumo kama Lubuntu ni ya bure, hukaa katika nafasi ndogo, na LibreOffice hufungua majedwali ya hesabu yaliyoandikwa kwa programu nyingine. Kwa kompyuta inayotumika kuandikia barua, mihtasari ya vikao na majedwali, yaweza kuwa uhai wa pili. Lakini programu ya mahasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows aghalabu haitakubali humo, na baadhi ya mashine hizi ndogo zina tabia ya kuwaka kwa njia ya biti 32 hata kama prosesa yake ni ya biti 64, jambo linalomtoa jasho fundi asiyelijua. Ijaribiwe kwanza kwa kuwashia kutoka kwenye flashi, pasipo kufuta kitu, na mashine ya kuchapa ijaribiwe siku hiyo hiyo.

Vyovyote itakavyoamuliwa, uamuzi wa kupandisha toleo uwe wa Bodi na uandikwe katika muhtasari. Katibu asiubebe peke yake usiku. Chama hakibadilishi mizani katikati ya mapokezi, wala hakibadilishi namba ya akaunti ya benki siku ya malipo. Vivyo hivyo, tangu mizani ya kwanza ifunguliwe mpaka mkulima wa mwisho alipwe, toleo la mfumo lisiguswe. Windows 10 ina mahali pa kuiambia kwamba intaneti inayotumika ni ya kulipiwa kwa kipimo, na ikiambiwa hivyo haipakui mizigo mikubwa yenyewe. Ifanywe hivyo mwezi mmoja kabla, maana hata fedha ya bando huokolewa. Marekebisho madogo ya usalama ni jambo jingine, nayo hayapaswi kuzuiwa msimu mzima. Yaruhusiwe siku ambayo hakuna kazi, baada ya orodha kunakiliwa.

Katika habari ya nakala hakuna la kubishania. Orodha ya wakulima na daftari la mapokezi viwe mahali pawili zaidi ya kompyuta: flashi moja katika kasha la chuma la chama, na nakala nyingine ofisi ya Chama Kikuu. Stakabadhi za karatasi ziendelee kutunzwa, kwani ndizo zilizokiokoa chama kile. Na pale ambapo hifadhi ya kompyuta imefungwa kwa siri, ufunguo wake wa kufufulia, ambao katika Windows ni tarakimu 48, unakiliwe katika karatasi na kutiwa kashani, maana baada ya mabadiliko ya mfumo mashine huweza kuudai ghafla, na fundi hawezi kuubuni. Kama ufunguo ule ungekuwa umedaiwa na haupo, hata fundi yule wa mjini angerudi mikono mitupu.

Kisha nafasi ipimwe. Mashine yenye gigabaiti 5 zilizobaki isijaribiwe. Picha na video zihamishwe, masalio ya matoleo ya zamani yafutwe kwa kifaa cha Windows chenyewe cha kusafishia diski, pasipo kufutafuta folda za mfumo kwa mkono. Microsoft hukubali pia flashi au diski ya nje yenye nafasi ya gigabaiti 10 au zaidi itumike kama ghala la muda, ila isichomolewe mpaka kazi iishe. Umeme nao uangaliwe. Betri iliyochoka ambayo hufa dakika tano baada ya umeme kukatika haifai kwa kazi ya saa tatu au nne, na mahali ambapo umeme hukatika kila jioni, kazi ifanywe mjini.

Jambo la mwisho linahusu gharama ya kupakua. Toleo moja kubwa ni gigabaiti kadhaa, na kila chama kikipakua chake kwa bando la simu, fedha nyingi ya wakulima inaliwa na mnara. Lakini toleo likipakuliwa mara moja ofisi ya Chama Kikuu na kuwekwa katika flashi ya gigabaiti 8, flashi hiyo hiyo yaweza kuhudumia mashine zote zinazostahili, moja baada ya nyingine. Kwa ajili hiyo kila chama kilete orodha ya kompyuta zake kabla ya mwisho wa Agosti, ikionyesha mwaka wa kununuliwa, ukubwa wa hifadhi kama unavyosomeka katika mashine yenyewe, nafasi iliyobaki, kumbukumbu, na kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Vyama ambavyo mashine zake hazistahili vitaarifiwa kwa barua mapema, ili mkutano mkuu upate nafasi ya kuidhinisha ununuzi kabla korosho hazijaanza kuanguka.